Sebule Mbili za Ukubwa Mmoja

Hotuba kwa wakazi wa fleti, Kileleshwa, Nairobi, alasiri ya Jumamosi ya mwezi wa Februari

Mheshimiwa mwenyekiti wa wakazi, wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana, na keteka wetu, mtunza jengo, aliyetupangia viti hapa kivulini: habari za alasiri. Ahsanteni kwa kuniita na kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia hivi: "Fundi, joto la mwaka huu limetushinda. Kila mtu anataka kununua kiyoyozi, na kila mtu ameambiwa namba yake dukani. Njoo utupe namba iliyo sawa." Nimekuja, lakini namba moja ya kuwatosha nyote sina, kwa kuwa haipo. Nilicho nacho ni njia ya kila mmoja wenu kuipata yake, kwa futi kamba, kalamu na kiganja cha mkono. Kiganja nitawaeleza.

Niseme kwanza nilikotoka. Ufundi huu niliupata Mombasa, kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza majokofu ya wauza samaki. Alinifunza kanuni moja: pima urefu wa chumba na upana wake, zidisha, kila mita ya mraba ipe BTU 600, BTU ikiwa kipimo cha joto ambalo kiyoyozi kinaliondoa. Mita 20, BTU 12,000. Basi, nenda dukani. Kule pwani kanuni ile haikuniangusha hata siku moja. Mombasa joto halilali. Usiku wa manane ukuta bado una joto na hewa imebeba maji mpaka shuka inanata mwilini. Nilipohamia Nairobi nikaja na kanuni yangu mfukoni, na kazi zangu za mwanzo hapa nikazifanya nayo.

Kuna mama mmoja nilimfungia kiyoyozi wakati huo. Sebule yake ilikuwa ya mita 20 za mraba, ghorofa ya pili, dirisha likitazama ua wa ndani. Kanuni yangu ikasema 12,000. Mumewe akasema afadhali kizidi kuliko kipungue, nami sikumpinga, tukafunga cha 24,000. Mwezi wa Aprili, mvua za masika zimeanza, mama akaniita. Akaniambia, "Fundi, baridi naipata, lakini chumba kinanuka kama kabati lililofungwa."

Nikaketi kwenye kochi lake, saa mkononi. Mashine iliunguruma dakika tatu, ikanyamaza. Dakika tano kimya. Ikaunguruma tena dakika tatu, ikanyamaza. Nikalishika takia la kochi: lilikuwa baridi na lina unyevu, kama nguo iliyoanuliwa kabla haijakauka. Nikatoka varandani kuangalia mpira wa kutolea maji. Siku ya mvua kama ile, mpira ulitakiwa uwe unadondosha tone baada ya tone kwenye ndoo. Ulikuwa mkavu.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho natamani ningekielewa kabla ya kumtoza mama yule pesa zake. Kiyoyozi hufanya kazi mbili. Kwanza kinapoza hewa, na hilo ndilo kila mtu analolijua. Pili kinaikausha: hewa yenye unyevu inapopita kwenye koili baridi, yaani mabomba yaliyo ndani ya mashine, maji yake hujishika pale, yakakusanyika, yakateremka kwenye mpira mpaka nje. Kazi hii ya pili inataka muda. Mashine kubwa kupita chumba huipoza ile hewa iliyo karibu na sensa, yaani kipima joto chake, kwa dakika chache, ikaona imemaliza, kompresa, ile pampu yake, ikazimwa. Maji yaliyokuwa yameanza kujishika kwenye koili hayajapata hata muda wa kudondoka. Feni inayarudisha chumbani. Na kule kuwaka na kuzima ndiko kunakoichosha kompresa, maana kila inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko inapokuwa imeshashika mwendo.

Watu hudhani kukausha hewa ni jambo la pembeni. Mashine hizi zilianzia huko hasa. Mwaka 1902, mhandisi kijana Mmarekani, Willis Carrier, aliitwa kusaidia kiwanda cha uchapaji Brooklyn, New York. Karatasi zilikuwa zikivimba na kusinyaa kwa unyevu wa kiangazi, rangi zikawa hazikai mahali pake. Alichotengeneza kilikusudiwa kuutawala unyevu wa hewa.

Sasa tuzungumze hizo namba mnazoambiwa, kwa sababu nimeona wengi mnaziogopa bure. BTU moja ni joto dogo sana, karibu na lile la njiti moja ya kibiriti ikiungua mpaka mwisho. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinaondoa joto la kiasi hicho chumbani kila saa. Wauzaji wengine hukiita cha tani moja, na neno hilo si uzito wa mashine. Limetoka zamani za barafu: ni ubaridi unaopatikana tani moja ya Kimarekani, yaani kilo 907 za barafu, ikiyeyuka kwa saa 24. Gawanya mwenyewe. Ni kilo 38 hivi za barafu kila saa. Basi mtu anapokuuzia mashine ya 24,000, fikiria kijana anakushushia sebuleni kilo 76 hivi za barafu, na saa ijayo analeta nyingine kama hizo. Je, sebule yako ina joto la kuyeyusha barafu yote hiyo? Wengine watakupimia kwa nguvu za farasi: moja ni 9,000 hivi, moja na nusu ni 12,000, mbili ni 18,000. Usikubali kuondoka dukani na hesabu ya farasi peke yake. Uliza BTU.

Nije kwenye jambo lililonileta. Asubuhi ya leo, kwa ruhusa ya wenyewe, keteka amenipitisha kwenye sebule mbili za jengo hili. Moja iko ghorofa ya tatu, upande wa ua. Nyingine iko ghorofa ya juu kabisa, upande wa magharibi. Ramani ni ile ile: mita 5 kwa 4, dirisha la mita 3 kwa moja na nusu. Mafundi wenye kanuni ya mita za mraba wangewapa wote wawili 12,000 wakaenda zao. Tuzihesabu pamoja.

Tuanze na ile ya chini. Dirisha lake linatazama ua, na bloku ya pili inalitia kivuli mchana kutwa. Jumapili wako watu watano mle ndani. Mtu aliyetulia tu anatoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo watano ni 500. Televisheni, dekoda na taa, tuseme 200. Joto linalopenya kutani, kwenye kioo kisichopigwa na jua, na chini ya mlango kila watoto wanapoingia na kutoka, nimelikadiria 600 bila ubahili. Jumla 1,300. Wati ukitaka kuzifanya BTU, zidisha kwa 3.4. Tunapata 4,400 na kidogo.

Mmesikia namba hiyo? Mashine ndogo kabisa mtakazozikuta kwa urahisi madukani ni za 9,000. Hata hiyo ingekuwa mara mbili ya mahitaji ya sebule ile, kwa saa yake mbaya kabisa. Nimemwambia mwenyewe, na nasema mbele yenu kwa idhini yake: wewe nunua feni nzuri ya darini, na pesa zinazobaki lipa karo.

Twende juu. Hapa dirisha ni lile lile, lakini kuanzia saa nane mchana jua linalipiga ana kwa ana. Sisi tuko digrii moja na kidogo tu kusini mwa ikweta. Saa sita jua liko karibu na utosi, kwa hiyo dirisha la kaskazini au la kusini linakingwa hata na ukingo mfupi wa slabu. Ila asubuhi na alasiri jua linakuja chini chini, likitokea mashariki na likizama magharibi, na ukingo haulizuii. Kioo kitupu cha magharibi, saa tisa na saa kumi, kila mita yake ya mraba inaweza kuingiza wati 500. Dirisha lina mita nne na nusu. Hizo ni wati 2,250, kama pasi mbili za nguo zimewashwa zikaachwa katikati ya chumba.

Hatujamaliza. Juu ya dari yake hakuna jirani, kuna slabu tupu iliyoota jua tangu asubuhi, nimeipa 1,000. Ukuta wa magharibi, 350. Watu watano, 500. Vyombo vya stima, 200. Hewa inayopenya, 200. Jumla ni 4,500, yaani BTU zaidi ya 15,000. Ile 12,000 ya kanuni, ambayo kwa jirani wa chini ingezidi karibu mara tatu, kwa huyu ingempungukia saa ile ile anayoihitaji.

Vijana wetu mmeniambia kwenye intaneti mmekuta kanuni ya Wamarekani, BTU 20 kwa kila futi ya mraba. Ni kanuni ya kweli. Sebule hizi zina futi 215, kwa hiyo inatoa 4,300. Angalieni ajabu yake: inamfaa wa chini karibu sawasawa, na inamwacha wa juu akiungua. Kila kanuni imezaliwa kwenye nyumba za aina fulani. Ile ya mzee wangu ilizaliwa Mombasa, chini ya mabati na unyevu. Hiyo nyingine imezaliwa kwenye nyumba zilizojazwa vizuia joto kutani na darini. Zetu hizi za mawe, slabu na vioo vikubwa hazifanani na hizo wala zile, na hata humu ndani ya jengo moja hazifanani zenyewe kwa zenyewe.

Ndiyo maana nilitaja kiganja. Leo jioni saa kumi na mbili, nenda ukaweke kiganja kwenye kila ukuta wa sebule yako. Ukuta ulio baridi uache. Ukuta unaokurudishia joto mkononi, huo ndio unaokulisha joto mpaka saa tatu usiku. Kisha panda kwenye kiti imara, mtu akushikie, uguse dari. Kama uko ghorofa ya juu utashangaa. Andika ulichokigusa, na fundi akija mwonyeshe karatasi hiyo kabla hajatoa futi yake. Fundi asiyeuliza dirisha lako linatazama wapi hajakupimia.

Nimeulizwa pale mlangoni: huyu wa juu basi anunue 18,000? Anaweza, itamtosha. Lakini mimi kama fundi ninayeishi kwa kufunga mashine hizi, nimemshauri aanze na dirisha. Kivuli cha nje, turubai ya kukunja au chiki za mianzi zilizoning'inizwa nje ya kioo, kinaweza kupunguza jua la dirisha kwa robo tatu. Nasema nje. Pazia la ndani, hata liwe zito vipi, linalikamata jua likiwa limeshavuka kioo, na joto lake linabaki humo humo na nyinyi. Akikinga kioo, zile 2,250 zinashuka karibu na 560. Jumla yake inakuwa 2,800, yaani BTU 9,500 hivi. Kutoka mashine ya 18,000 tumeshuka hadi 12,000. Na landilodi akikubali kuipaka slabu rangi nyeupe ya kurudisha jua, au kuwekwe dari ya pili chini yake, huenda hata 9,000 ikamtosha. Mwenyekiti, hili la slabu naomba liingie kwenye barua yenu kwa landilodi, kwa sababu linawahusu wote wa ghorofa ya juu.

Kuna waliokwisha kusikia kwamba Nairobi, kwa kuwa iko juu, mashine hazina nguvu. Hilo lina ukweli wake. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa sehemu moja ya tano hivi. Feni inazunguka vile vile lakini inasukuma hewa pungufu, na ubaridi unaobebwa unapungua kidogo. Ila namba iliyo kwenye boksi hupimwa maabara kukiwa na nyuzi 35 nje na 27 ndani. Hapa kwetu, hata mchana mkali wa Februari, nje ni nyuzi 28 hivi, kwa hiyo ile sehemu ya mashine iliyo nje inalitoa joto kwa wepesi zaidi. Huku inapungua, huku inaongezeka. Anayekwambia ununue saizi moja juu kwa sababu ya mwinuko tu, mkatalie kwa adabu.

Na hapo kwenye nyuzi 28 nataka mnisikilize vizuri. Joto letu lina saa zake. Usiku wa Februari hewa ya nje inashuka mpaka nyuzi 14 au 15. Ubaridi huo ni wa bure na tunaufungia nje. Najua kwa nini tunafunga: vumbi la barabara, honi za matatu, mbu, na hofu ya wezi. Kwa ghorofa za juu hofu hiyo ya mwisho ni ndogo; wavu wa mbu fundi wa alumini anauweka kwa siku moja. Fungua madirisha ya pande mbili saa mbili usiku, acha hewa ipite mpaka alfajiri, kisha funga na ushushe vivuli kabla jua halijachacha. Wengi mlionieleza kuhusu vyumba vya kulala, hii ndiyo dawa yenu. Chumba cha kulala cha Nairobi ni nadra kukuta kinahitaji kiyoyozi. Nasema hivyo isipokuwa kwa wagonjwa na wazee ambao daktari amewaambia vingine.

Jiko nalo. Fleti hizi sebule na jiko ni kitu kimoja, hakuna ukuta. Burna moja kubwa ya gesi inaweza kutoa wati 2,000 na zaidi. Mama anayepika chapati za watu kumi Jumapili anaongeza joto karibu sawa na la lile dirisha la magharibi. Hapo usinunue mashine ya kushindana na chapati. Fungua dirisha la jiko, washa feni ya kutoa moshi, uwashe kiyoyozi mkishaepua. Na hili nalisema kwa uzito wote: kiyoyozi cha ukutani hakiingizi hewa mpya. Kinazungusha ile ile iliyomo ndani. Mtu asije akafunga madirisha, akawasha kiyoyozi, na jiko la makaa likawa linawaka ndani au hata limeachwa na makaa yaliyofifia. Moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini.

Mtu akiniuliza kuhusu viyoyozi vya inveta, ndiyo, navipendekeza. Kompresa yake inapunguza mwendo badala ya kuzima, kwa hiyo inasamehe makosa ya kipimo kuliko zile za zamani. Lakini nayo ina mwisho wa kushuka. Ya 24,000 haiwezi kujifanya ya 4,000.

Umeme: cha 12,000 kinachofanya kazi kwa nguvu zote kinakula kilowati moja na kidogo, kwa hiyo saa nne ni yuniti nne au tano za tokeni zako. Angalia lebo ya nyota, ambayo kanuni za nishati za mwaka 2016 ziliileta kwa viyoyozi. Nyota zikizidi, ulaji unapungua. Kiwe na waya wake kutoka kwenye boksi la breka. Sijawahi kukubali kukifunga kwenye ekstensheni, na sitakubali.

Gesi ya kupozea iliyo ndani ya mashine: ukiuziwa kiyoyozi cha bei rahisi chenye R22, kiache. Ni gesi inayoharibu tabaka la ozoni na inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, ambao sekretarieti yake iko hapa hapa kwetu, Gigiri. Miaka michache ijayo utahangaika kuipata. Chukua cha R32.

Yule mama wa Aprili nilirudi kwake. Nilikitoa kile cha 24,000, nikamtafutia mnunuzi mwenye ukumbi mdogo wa mikutano, nikamfungia cha 9,000 cha inveta bila kumtoza kazi. Hata hicho, kwa ninavyohesabu leo, kilimzidi kidogo. Lakini mpira wake siku ya mvua ulidondosha maji, na takia likakauka.

Sasa ni saa tisa na dakika arobaini. Jua limeshafika kwenye lile dirisha la juu. Mwenye nyumba ametukaribisha, akasema watu kumi kumi wanaweza kuingia. Nina futi kamba mbili na karatasi za kutosha kila nyumba. Wa ghorofa ya juu tangulieni nami. Wengine mnaosubiri, kalamu ziko kwa keteka, anzeni kuandika madirisha yenu yanatazama wapi.